Panya wa kontroli wamekwama dayestrasi siku 13, niwatoe kwenye hesabu?

Kokwa5:
Wakuu, msaada. Jaribio la sumu ya uzazi, panya jike, sampuli ya chembe za uke kila asubuhi kusoma hatua ya mzunguko wa uzazi. Panya 3 kati ya 10 wa kundi la kontroli, wasiopewa kemikali yoyote, wamekaa dayestrasi (hatua ya utulivu, hakuna kupandwa) siku 12 hadi 14, kisha mzunguko ukarudi wenyewe. Faili linakwenda kwa watathmini wa viuatilifu serikalini. Niwaondoe?

Ncha_Butu:
Usimwondoe hata mmoja. Hiyo ni mimba ya uongo. Mzunguko wa panya ni siku 4 au 5. Ukimgusa mlango wa kizazi, mwili unadhani amepandwa. Homoni ya prolaktini inapanda, ovari inaendelea kumwaga projesteroni, homoni ya mimba, na kila kitu kinasimama kwa takriban wiki mbili.

Kagua mkono wa anayechukua sampuli kabla ya kukagua kitu kingine. Pipeti iwe na ncha butu na laini. Maji ya chumvi ya 0.9%, yasiwe baridi, yasizidi mililita 0.2 hivi. Ncha iingie milimita chache tu. Ukihisi kizuizi, umeshapita kiasi. Bonyeza na kuachia mara mbili au tatu, toa. Pamba ya kijiti mimi siipendi, inasugua mno. Na kila panya awe na pipeti yake: chembe za wa kwanza zikiingia kwa wa pili utasoma hatua ambayo haipo.

mama_slaidi:
Kabla ya kumlaumu fundi, rudia kusoma slaidi zenyewe, vile vioo vya darubini vyenye sampuli. Soma zikiwa bado mbichi, zikikauka chembe zinajikunja. Proestrasi (kabla tu ya kukubali dume): chembe za duara zenye kiini, zimejikusanya kama vishada. Estrasi (anakubali dume): chembe kubwa, bapa, zenye kona, hazina kiini, kama magamba ya samaki. Dayestrasi: chembe nyeupe za damu, ndogo ndogo, zimejaa. Metestrasi (baada ya estrasi) ni mchanganyiko, na ndiyo inayogombanisha wasomaji wawili.

Kosa linalojirudia: slaidi yenye chembe tatu nne inaandikwa "D", yaani dayestrasi. Hiyo ni sampuli mbovu, iandikwe hivyo. Pia saa isibadilike. Ukichukua saa 3 asubuhi leo na saa 9 alasiri kesho, proestrasi inakuponyoka, maana ni fupi.

Jalada_la_3:
Nikiangalia kwa jicho la anayepitia mafaili: dayestrasi ya siku 4 au zaidi mfululizo inahesabika si ya kawaida, iwe kwa kontroli iwe kwa waliopewa dozi ya kemikali. Tatizo ni kwamba kemikali yenyewe inaweza kuleta sura hiyohiyo. Atrazini, dawa ya kuua magugu, kwa mfano, hupunguza mpando wa LH, homoni inayotoa yai, kwenye panya na kuvuruga mzunguko. Ukifuta kontroli tatu, mtathmini hawezi tena kutofautisha sumu na pipeti. Mwongozo wa majaribio namba 421 wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la kimataifa) unataka mizunguko ichunguzwe kabla ya dozi kuanza, ili waingie wale wenye mzunguko wa kawaida tu. Wewe ulifanya hivyo?

Halafu mzunguko mzuri usikudanganye kwamba ovari ni salama. Kemikali ya VCD huua folikuli (vifuko vya mayai ndani ya ovari) changa kabisa, na panya huendelea kuzunguka vizuri mpaka akiba ipungue sana. Hesabu folikuli kwenye vipande vya ovari vya unene wa mikromita 5, na uhesabu ile tu ambayo kiini cha yai kinaonekana, la sivyo folikuli moja utaihesabu mara mbili.

Kokwa5:
Uchunguzi wa kabla ya dozi upo, wiki mbili, wote walikuwa siku 4–5. Nimefungua daftari: wote watatu, siku iliyotangulia kukwama, walichukuliwa sampuli na fundi mmoja wa zamu ya wikendi.

Jalada_la_3:
Basi waache kwenye jedwali kuu, weka jedwali la pili bila wao, na ueleze sababu kwa tarehe na namba za panya. Kisha angalia huyo fundi aligusa nani kwenye makundi ya dozi siku hizohizo.