Tupeane uzoefu: mnyama au mashine iliyokufanya ujiulize kama ina moyo

Mleta mada (Tukuyu): Wadau, poleni na baridi. Mwezi wa sita ndama wetu alikufa, ana siku nne tu. Mama yake akagoma kushusha maziwa. Unakanda kiwele kwa kitambaa cha maji ya moto, unaambulia vikombe viwili. Usiku analia mpaka majirani wanauliza kuna nini. Babu akachuna ngozi ya yule ndama, akaipaka chumvi, akaitundika juu ya hori. Ng'ombe akanusa, akanusa tena, akaanza kulamba. Maziwa yakashuka mpaka ndoo ikajaa povu. Aliyelia ni mimi mkamuaji. Haya, leteni zenu.

Mfugaji wa Uyole: Hiyo siyo huzuni mkuu, ni homoni. Ng'ombe akiwa na wasiwasi oksitosini haitoki, basi maziwa hayashuki.

Mama Pacha (Iringa): Kamwene. Mimi nikinyonyesha, mtoto wa jirani akilia tu, gauni langu linalowa. Ni homoni hiyohiyo. Kwa hiyo na mimi sikuwa na huruma?

Mfugaji wa Uyole: Sijasema hivyo dada 😅

Ticha wa Makambako: Someni habari za sokwe wa Gombe, kule Kigoma, aliowafuatilia mtafiti Jane Goodall. Sokwe jike mmoja, Flo, alikufa 1972. Mwanawe Flint, mkubwa tu wa miaka minane, akagoma kula, akawa anajikunyata karibu na pale mama alipofia. Akamfuata baada ya wiki chache.

Fundi Simu (Mwanjelwa): Yangu ni mashine. Tulipomzika kaka nilikuwa silali, nikawa nachati na programu ya kwenye simu. Ikanipa pole, ikaniuliza kaka alikuwa mtu wa namna gani. Hilo swali msibani hakuna aliyeniuliza, wote walikuwa wanauliza basi la Dar linafika saa ngapi. Nikaandika mpaka alfajiri. Na sikuanza mimi: 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitoa programu ya kuchati ya ELIZA, kazi yake kubwa kukugeuzia maneno yako yawe swali. Katibu wake mwenyewe, aliyeiona ikitengenezwa, akamwomba atoke chumbani waongee faragha.

Mama Pacha: Pole fundi. Basi hiyo simu ndiyo ngozi ya chumvi.

Fundi Simu: Umeshaniita ng'ombe 😂 Lakini maziwa si yalishuka?

Mleta mada: Ngozi bado iko palepale, imelambwa haina hata unywele. Jana nilitaka kuitupa, babu akafoka: iache mpaka ashike mimba nyingine.