Naomba ushauri: mandhari yangu ya kompyuta imeondolewa kwa madai ya hakimiliki

Habari zenu ndugu wanachama. Nilitengeneza mandhari (theme, yaani mwonekano wa madirisha, vitufe na aikoni kwenye skrini) ya mfumo endeshi wa Linux, ya bure, inayofanana na mfumo endeshi wa zamani wa kampuni moja kubwa ya programu. Aikoni zote nilizichora mwenyewe, hata pipa la taka lenye mfuniko uliokaa upande, isipokuwa nembo ya kitufe cha kuanzia, ambayo nakiri niliinakili kama ilivyo. Wiki iliyopita tovuti inayohifadhi faili zangu iliondoa kazi yote kwa notisi ya sheria ya Marekani ya hakimiliki ya 1998, DMCA. Nimeshaitoa nembo, nimebadilisha jina, na nimemwandikia wakili wa kampuni hiyo kwa adabu, lakini hajajibu.

Najua Apple iliishtaki Microsoft mwaka 1988 kuhusu mwonekano wa madirisha ikashindwa, ila Microsoft walikuwa na mkataba wa leseni. Mimi sina hata barua.

Je, rangi na umbo la vitufe pekee, bila nembo wala faili lao lolote, vinalindwa na hakimiliki? Na nikiwasilisha notisi ya kupinga (counter-notice, ya kuiomba tovuti irudishe kazi yangu), ambayo hunitaka nikubali mamlaka ya mahakama ya Marekani ilhali naishi Morogoro, najiweka hatarini kiasi gani?