Mombasa hadi Livingstone kwa Probox, kuchangia watoto wa miguu kifundo: tuanze na nini?

Mama Pacha, Kisauni
Assalamu aleikum wenzangu. Mwezi wa nane mimi na kaka yangu twataka kuendesha gari kutoka hapa Mombasa hadi Livingstone, Zambia, kuchangisha pesa za watoto waliozaliwa na miguu kifundo. Mmoja wa pacha wangu alizaliwa hivyo, unyayo umegeukia ndani kabisa. Alifungwa plasta mpya kila wiki kwa wiki sita, akakatwa kano ya kisigino, kisha akalala na viatu vilivyoungwa kwa chuma mpaka alipotimiza miaka minne. Leo nikimkimbiza simpati. Lakini pale kliniki niliona kina mama wakiacha wiki ya tatu kwa kukosa nauli, na plasta ikikatizwa mguu hurudi kupinda. Nauli hiyo ndiyo twaitafuta. Watu wameahidi kuchanga kwa kila kilomita.

Gari ni la mume wangu, na yeye haendi. Twapitia Lunga Lunga, Tanga, Chalinze, Mbeya, Tunduma. Tuanze na nini?

Dereva wa Masafa, Mikindani
Waaleikum salaam dada yangu. Njia hiyo nimeipita na lori miaka kumi na mmoja. Anza na karatasi. Mwaka fulani nilichukua pikapu ya shemeji yangu, nikarudishwa mpakani Lunga Lunga kwa kuwa logibuku haikuwa na jina langu. Nililala kwenye kiti, mzigo wa ndizi nyuma ukiiva. Mumeo aende kwa wakili akuandikieni barua ya idhini: namba ya gari, namba ya chesi, majina yenu wawili, nchi mtakazopita, na muhuri. Beba nakala kadhaa.

Bima, omba Kadi ya Njano ya COMESA, ule umoja wa biashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini kadi hiyo inafanya kazi huko, na Zambia pia. Ila inamlipa mliyemgonga, haitengenezi gari lenu. Chanjo ya homa ya manjano msiiache mwisho, cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Kama mlichanjwa zamani na cheti mnacho, hicho ni cha maisha.

Mikumi mpite mchana. Barabara imekata katikati ya mbuga, na ukigonga mnyama unatozwa faini.

Fundi, Changamwe
Mama, mlima Kitonga mtaupanda mkienda na kuushuka mkirudi. Kupanda kwatesa rediata, kushuka kwatesa breki. Injini ikiwa baridi, minya mpira wa rediata pale karibu na klempu. Ukiona nyufa ndogo kama za kisigino kikavu, badilisha wa juu na wa chini pamoja. Kushuka, weka gia ndogo tangu juu, usingoje mpaka unuse breki.

Mweka Hazina wa Chama, Likoni
Dada, hapa mtaani mtaulizwa kwa nini pesa za mafuta zisipelekwe kliniki moja kwa moja, na ni swali la haki. Mafuta na malazi lipeni mfukoni mwenu, na mlitangaze hilo kabla hamjapokea hata shilingi. Pesa za watoto ziwe na namba yake ya kupokelea, msimamizi awe mtu anayebaki Mombasa. Na hizo kilomita kubalianeni idadi sasa hivi. Mkipotea njia, mchangaji asidaiwe zaidi.

Mama Pacha, Kisauni
Allah awalipe kheri nyote. Mafuta tutalipa sisi, nimeshakubaliana na kaka. Nimetoa logibuku kabatini sasa hivi, naona jina la mume wangu lina herufi moja zaidi kuliko kwenye kitambulisho chake. Ni tatizo?

Dereva wa Masafa, Mikindani
Ni tatizo. Lirekebisheni kabla ya kwenda kwa wakili, maana barua yake itafuata jina hilo.