fMRI kwenye Tesla 1.5: rangi zinawaka ukingoni mwa ubongo tu

Makulu_lab:
Wakuu, habari za kazi. Tuko Dodoma, tunafanya fMRI (kupiga picha za ubongo ukiwa kazini) kwa MRI yenye sumaku ya nguvu ya Tesla 1.5, usiku wagonjwa wakiisha. Mshiriki anagusanisha vidole vya mkono wa kulia sekunde 20, anapumzika 20, mara 8. TR (muda wa kupiga picha moja ya ubongo wote) sekunde 2, TE (muda wa kusubiri kabla ya kusoma ishara) milisekunde 50, vokseli (kijisanduku kimoja cha picha) milimita 3. Tulitegemea eneo la mwendo upande wa kushoto liwake, lakini rangi zimejipanga kama pete ukingoni. Sumaku ni dhaifu?

Vokseli:
Sumaku haina kosa. Mwaka 1992 Kwong na wenzake kule Boston walilionyesha eneo hilo kwa Tesla 1.5, mshiriki akikunja mkono tu. Pete hiyo ni kichwa kinachocheza kwa kufuata zoezi. Ukingoni vokseli moja ni ubongo, jirani yake ni maji. Kichwa kikisogea nusu milimita tu, mabadiliko ya mng'ao yanaimeza ishara ya BOLD (badiliko la oksijeni ya damu ubongo unapofanya kazi), ambayo hapo ni asilimia chache.

Chora vigezo 6 vya mwendo wa kichwa, 3 vya kusogea na 3 vya kuzunguka, juu ya ratiba ya zoezi. Vikipanda na kushuka kila sekunde 40, mchawi umempata.

Wengi hukimbilia kuviingiza kwenye modeli, yaani hesabu ya takwimu inayotafuta ishara ya zoezi. Vikilingana na ratiba, vitaondoka na ishara yako pia! Dawa iko kitandani: sponji pande zote mbili za kichwa ndani ya koili (kifaa cha kunasa ishara kinachozunguka kichwa), mto chini ya kiwiko ili bega lisivute shingo, vidole viguswe taratibu, na mazoezi ya dakika 5 akiwa amelala chali kabla ya kuingia.

Radiografa_DOM:
Naongezea. Usiku watu husinzia, kwa hiyo mmoja wenu autazame mkono kupitia dirishani na aandike mizunguko iliyorukwa. Rasta zenye nyuzi za metali huacha shimo jeusi kwenye picha za EPI (zile za haraka za fMRI), na pini inaweza kuvutwa na sumaku. Ulizeni siku ya kupanga miadi, maana kufumua huchukua saa nyingi. Bandikeni pia kidonge cha vitamini E kwenye paji, upande wa kulia: faili zikigeuzwa kushoto-kulia mtajua.

Makulu_lab:
Nimechora. Wanne kati ya 6 wanainamisha kichwa kila wanapoanza. Wawili waliotulia niwachambue peke yao?

Vokseli:
Ndiyo, kama majaribio tu. Wale wanne wapigwe picha upya. Tupa picha 4 za mwanzo, ishara huwa haijatulia. Na modeli izingatie kwamba mwitikio wa damu hufika kilele sekunde 5 hadi 6 baadaye.