Mrejesho: Kuvuta Land Cruiser kwenye barabara ya vumbi

Wakuu, niliomba ushauri wa kuvuta Land Cruiser hardtop iliyokufa injini Engaruka, itembee kwa matairi yake yote manne hadi Mto wa Mbu. Imefika, asanteni sana!

Tulitumia chuma cha kuvutia (towbar) badala ya kamba, tukashusha propela shafti ya nyuma (mhimili unaounganisha gia boksi na ekseli ya nyuma), habu za mbele tukaziweka fri ili magurudumu yazunguke bila kuzungusha gia. Gia boksi salama kabisa. Ufunguo uwe "on", la sivyo usukani utajifunga.

Breki ndizo zilitutesa. Injini ikiwa imezima pedali inakuwa ngumu kama jiwe; mteremkoni dereva wa nyuma alikanyaga kwa miguu miwili, na vumbi limemziba macho. Boliti za kile chuma cha kuvutia nazo zililegea kwa mtetemo, ikabidi tusimame kuzikaza mara kwa mara. Bebeni spana.