Kijapani: kitenzi kipi kwa kitu kilichotokeza?

Mwanafunzi_Tanga:
Habari zenu wanajukwaa. Naandika insha fupi ya Kijapani kuhusu karakana ya useremala, ambamo msumari umetokeza kwenye ubao, mbao ndefu zimepita mwisho wa bodi la lori, na shati la fundi limechomoka kwenye suruali. Kamusi yangu inanipa tsukideru, tobideru, hamideru na depparu, na vyote inavieleza kwa neno moja tu, "kutokeza". Je, naweza kuchagua kimoja nikakitumia kote?

Mkalimani_Mstaafu:
Hapana, ndugu yangu, na anza na shati, kwa kuwa hapo hakuna ubishi. Hamideru hudai kuwepo kwa mpaka ambao kitu kilipaswa kubaki ndani yake, kisha sehemu yake ikauvuka. Utaandika "shatsu no suso ga zubon kara hamidete iru", na kwa mbao za lorini "nidai kara zaimoku ga hamidete iru". Ni kitenzi hichohicho, katika umbo la hamidasu, kinachotumika katika sheria za barabarani za Japani pale dereva anapokatazwa kuvuka mstari wa katikati ili alipite gari jingine.

Bi_Sarufi:
Nakubaliana na mzee wangu hapo juu. Msumari ndio wenye utamu, kwa sababu unakubali vitenzi viwili kwa maana mbili. Iwapo ncha imepenya ubao ikatokea upande wa pili, andika "kugi no saki ga tsukidete iru", kwa kuwa tsuku ni kuchoma au kudunga, na kitenzi hiki hupenda kitu chembamba au kirefu kilichoelekea mbele. Ndiyo maana hata Rasi ya Noto huelezwa kuwa imetokeza hivyo katika Bahari ya Japani. Lakini iwapo ni kichwa cha msumari kilichopanda juu ya uso wa ubao baada ya kugongomewa, "kugi no atama ga tobidete iru" ndiyo inayofaa zaidi, maana tobu ni kuruka, na msomaji huhisi kwamba kitu kimefyatuka mahali pake. Ndugu yake tobidasu ndiye aliyemo katika vibao vya "tobidashi chūi", vinavyomtahadharisha dereva kwamba mtoto anaweza kuchomoka ghafla barabarani.

Depparu iache kwa kilicho sehemu ya umbo lenyewe, kama nguzo iliyobenuka ukutani au mfupa wa shavu.

Mwanafunzi_Tanga:
Nashukuru sana. Na tumbo la fundi mkuu, ambalo limetangulia mbele kuliko yeye mwenyewe?

Mkalimani_Mstaafu:
"Onaka ga dete iru" inatosha. Deru peke yake ndilo neno la kila siku kwa tumbo. Ukitumia tsukideru, msomaji atadhani fundi amemeza patasi.

Bi_Sarufi:
Nyongeza moja: usiandike "hamidemasu" kwa shati ambalo tayari liko nje, kwa sababu umbo hilo huelekea kusema kwamba litachomoka au huwa linachomoka. Hali iliyokwisha kutokea na bado ipo, ambayo sisi huionyesha kwa -me- katika "limechomoka", hapa Kijapani huitaka -te iru, kama ilivyo katika mifano yote tuliyokupa.