Kuku 12 uani, mayai yamepungua: chakula cha dukani au cha kujichanganyia?

Mama wa Kayole
Hamjambo wafugaji wenzangu. Matetea wangu wa kienyeji walikuwa wakinipa mayai 8 kwa siku, sasa ni 3, na ganda ukiligusa linabonyea. Nawapa mahindi ya kusaga, wishwa na masalio ya sukuma. Jirani mmoja anasema ninunue chakula cha kutagia, mwingine anasema niongeze omena tu. Kwa minyoo nimewawekea maji ya shubiri mwezi mzima. Nishike lipi?

Mfugaji Ruai
Dada, nunua cha dukani. Mahindi yana protini asilimia 8 au 9, na tetea anayetaga anataka kama 16. Wishwa haizibi pengo hilo. Kuku hula gramu 120 hivi kwa siku, kwa hiyo wako 12 wanamaliza karibu kilo moja na nusu. Mfuko wa kilo 50 utakufikisha wiki tano. Piga hesabu hiyo kwanza, ndipo useme ni ghali.

Babu wa Kinoo
Mimi huchanganya mwenyewe na kuku wangu wanataga vizuri. Ila omena ina kazi yake. Ile ya bei rahisi hujaa mchanga, nami huimwaga kwenye ungo, nikapepeta mpaka chini pasisikike mchakacho, ndipo nisage. Ikizidi, yai hunuka samaki. Ganda laini ni njaa ya chokaa: saga makome, uyaweke kwenye kopo la peke yake, kila kuku adonoe anachohitaji. Na mahindi yenye ukungu usiwape hata kidogo, mwanangu. Sumu ile haiishi kwa kuchemshwa. Niliwahi kuzika vifaranga 9 kwa sababu ya gunia moja nililolionea huruma.

Kijana wa Kabete
Nakubaliana na Babu kuhusu makome. Shubiri sitaitegemea kamwe. Dawa ya piperazini huua minyoo duara mikubwa, basi, tegu hubaki. Ukiona kwenye kinyesi vipande vyeupe kama punje za wali, hiyo ni tegu, itafute dawa yake. Dawa ya levamisoli hukamata aina nyingi zaidi za minyoo duara, ila tegu nayo haiigusi. Soma kwenye pakiti ni siku ngapi mayai hayafai kuliwa. Kinyesi chenye damu ni jambo jingine, mara nyingi koksidia, vijidudu vya utumbo, na dawa ya minyoo haitasaidia. Maranda ya bandani nayo yabadilishe, maana mayai ya minyoo hukaa humo.

Fundi Mabanda
Mama, upanga wao wa kichwani ni mweupe? Kama umepauka, usiku pitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia. Utitiri mwekundu hushinda kwenye nyufa za mbao, usiku ndio hutoka kunyonya. Ukimpaka kuku dawa mchana, wenyewe wamejificha, unapoteza pesa. Dawa iingie kwenye nyufa, kisha urudie baada ya wiki moja, kwa sababu mayai yao huwa hayajafa.

Mama wa Kayole
Nimetoka bandani sasa hivi, saa nne usiku. Kitambaa kimejaa michirizi ya damu, na wadudu wanatembea juu ya mkono wangu. Upanga umepauka kweli. Kesho asubuhi nang'oa fito zote nizimwagie maji ya moto, nipulize nyufa dawa, halafu nipite sokoni kutafuta makome. Fundi, fito mpya zifae za mbao za aina gani?

Fundi Mabanda
Mbao laini iliyopigwa randa, isiyo na gome. Gome ndilo nyumba yao.